Balbu Nyekundu ya Vifaranga

Juzi asubuhi nilichana karatasi ya keateka wetu, mwangalizi wa jengo. Sikuibandua taratibu nikaiweka kando kwa adabu. Niliichana vipande vinne mbele ya watu waliokuwa wakishuka ngazi kwenda kazini, nikavitupa kwenye pipa la taka, na mpaka sasa sijutii. Ilikuwa karatasi kubwa yenye namba za nyumba zote kumi na mbili za jengo letu hapa mjini Kericho. Nyumba iliyopunguza matumizi ya stima, yaani umeme, wiki hiyo ilibandikiwa nyota ya dhahabu. Kila ghorofa ilikuwa timu, na ghorofa ya kwanza kujaza nyota ingepewa kreti ya soda na keki. Nyumba namba saba, ya msichana mmoja aliyejifungua mtoto kabla ya wakati wake, haikuwa na nyota hata moja. Mahali pa nyota, mtoto fulani wa ghorofa yake alikuwa amechora mdudu mweusi mwenye miguu mingi.

Ni huyo mdudu aliyenipandisha mori.

Keateka si mtu mbaya. Alinikuta pale chini akanitazama kama mtu aliyepatwa na malaria ya kichwa. "Madam, na hiyo ni game tu," akaniambia. "Ni ya ku-encourage watu wasave stima. Hata landlord ameipenda."

Nikamwambia najua ni game. Nimewahi kuicheza. Nilishinda.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni nyuma ya Kapkatet, unateremka kati ya mashamba ya chai mpaka unausikia mto kabla hujauona. Baba alikufa kabla sijajua sura yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: Mama, dada yangu Chelangat aliyekuwa darasa la nane, na mimi. Tulikuwa na ng'ombe mmoja na kipande cha chai ambacho Mama alikichuna mwenyewe, mvua inyeshe isinyeshe. Stima ilikuwa imetufikia karibuni tu. Bado tulikuwa tunaiwasha na kuizima kwa kuishangaa.

Chelangat alikuwa na kichwa. Hili silisemi kwa sababu ni dada yangu. Walimu walilisema, mchungaji alilisema kanisani mpaka Chelangat akainamisha uso kwa aibu. Mwaka huo angefanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na kila mtu alijua ataitwa shule kubwa ya bweni. Shule ya bweni inataka karo, sanduku, godoro, viatu, sare mbili. Basi bonasi ya chai ilipotoka, Mama hakununua hata kitambaa. Alileta nyumbani maboksi mawili yenye matundu, na ndani yake vifaranga mia moja na hamsini wa siku moja. Wangekua, majogoo wangeuzwa wakati wa Krismasi kila mtu anapotafuta kuku, na Januari Chelangat angeenda shule. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Hakukuwa na mwingine nyuma yake.

Aliwaweka kwenye stoo ya mbao kando ya nyumba. Alitandaza maranda kutoka kwa seremala, akazungushia kadibodi, akaning'iniza katikati balbu kubwa nyekundu ambayo waya wake ulitoka ndani ya nyumba, swichi ikiwa nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nikipita kwa seremala leo nikinusa maranda mapya, navuka barabara. Wakati ule niliipenda ile harufu, ya mbao na chakula cha vifaranga na vumbi lenye joto. Kabla ya shule nilibandika jicho kwenye ufa wa mbao niangalie ule mwanga mwekundu. Mama alinifundisha kuwasikiliza. "Wakinong'ona hivi, wako sawa," alisema. "Ukisikia wanapiga kelele, ujue wanasikia baridi. Hao hawana mama. Mama yao ni hii balbu."

Aliniambia hivyo. Nilisikia vizuri. Sina pa kujifichia hapo.

Siku chache baadaye akaja shuleni mtu mmoja wa kampeni ya kuokoa stima. Jina lake silikumbuki, sisi tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu alivaa kofia ya kijani na alikuja na kofia nyingine nyingi kwenye pikapu. Alikuwa na filimbi. Alituchezesha, akatuimbisha, akatuuliza nani anapenda kushinda, na nani asiyependa? Kisha akagawa kadi. Kila mtoto ambaye kwao kuna stima alipewa kadi yenye picha ya mti wa chai usio na majani hata moja. Kila Ijumaa tungeleta namba za mita. Nyumba iliyopunguza, mti wake ungepigwa muhuri wa jani la kijani. Iliyoongeza, muhuri wa mdudu mwekundu. Tuligawanywa timu kufuata vilima tunakotoka, na yetu ya huku chini mtoni ikapewa kapteni anayeitwa Collins, mvulana wa darasa la sita mwenye sauti kubwa. Timu itakayoshinda ingepewa mpira na kofia za kijani, na nyumba bora kuliko zote ingepewa taa ya sola.

"Balbu inayowaka mchana ni nini?" aliuliza Bwana Kofia.

"Ni mwizi!" tukaitikia, kama alivyotufundisha.

"Na mwizi tunamfanya nini?"

"Tunamzima!"

Nilimpelekea Mama kadi jioni hiyo. Aliigeuza akaitazama akiwa bado amefunga gunia lake la kuchunia kiunoni. Nilipomweleza kwamba mti ukijaa majani ndio tumeshinda, alicheka. "Mti wenye majani yote hayo haujachunwa. Huyu aliyechora hajawahi kubeba kikapu." Akanirudishia kadi akaenda kukamua ng'ombe. Kwake ilikuwa karatasi ya shule tu.

Kwangu haikuwa karatasi ya shule. Juu ya kadi kulikuwa na jina la Mama na namba, na chini yake picha ya mti wa chai. Mimi nilijua kitu kimoja tu chenye jina la Mama, namba na chai: ile kadi yake ya mkulima anayoipeleka kituo cha kununulia majani. Nilikuwa nimeona mara nyingi karani akichambua kikapu cha mtu, akikuta majani mabovu, akimwaga chini mbele ya wote. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Mdudu akijaa kwenye kadi, karani ataiona, na majani ya Mama yatamwagwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Pia hakuna aliyeniuliza ninaelewa nini.

Ijumaa ya kwanza nilipata mdudu. Ya pili, mdudu. Kwa sababu ya ile balbu mita yetu ilikimbia kuliko ya mwenye duka. Collins alinisimamisha mbele ya timu. "Betty, kwani kwenu mnapika na stima? Nyinyi ndio mnatuangusha. Watu wote wako na leaf, wewe uko na dudu." Wakaanza kuniita Dudu. Hata waliokuwa hawana stima kwao waliniita Dudu, na hao ndio waliniuma zaidi.

Nilifanya jambo ambalo ningependa mtoto yeyote alifanye. Nilimwendea mtu mzima. Bwana Kofia alipokuwa akipakia vitu vyake kwenye pikapu, nilimvuta shati nikamuuliza: "Na kama balbu ni ya vifaranga?"

Alicheka. Naikumbuka sauti ya hicho kicheko kuliko ninavyoukumbuka uso wake. Alinipigapiga kichwani akasema, "Champion hatafuti excuse. Mchana kuna jua la bure, au sio? Jua ndio balbu ya Mungu." Akapuliza filimbi, akaondoka.

Basi nikaelewa. Jua ni la bure. Mchana vifaranga watatumia jua.

Kila siku saa saba nilikuja nyumbani kula. Mama wakati huo alikuwa akitoka kwenda kituoni na majani ya asubuhi, na huko wangengoja lori mpaka jioni. Chelangat alibaki shuleni hadi saa kumi na moja na watahiniwa wenzake. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nilikula, nikaenda nyuma ya mlango, nikazima. Saa kumi niliporudi nikawasha. Siku ya kwanza nilikimbia kuwaangalia, nikakuta bati la stoo limepata moto, vifaranga wametawanyika, wananong'ona. Siku ya pili hivyo hivyo. Ijumaa nikapata jani langu la kwanza. Collins akanipa mkono kama mtu mkubwa. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimeiokoa chai ya Mama, na nitasema na hili lingine kwa sababu ni kweli: nilikuwa naiwaza ile kofia.

Jumatano iliyofuata nilizima kama kawaida. Saa nane ikaja mvua ya mawe.

Watu wa kwetu wanaijua. Asubuhi jua kali, mchana wingu linapanda kutoka upande wa msitu, ghafla baridi inakushika masikio, halafu bati linaanza kupigwa. Darasani hatukusikiana. Mwalimu aliacha kufundisha akakaa mezani. Wenzangu walikuwa wakipiga kelele za furaha na kunyoosha mikono madirishani waokote barafu wale, na mimi nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwalimu akauliza kama nina wazimu. Tulizuiwa humo mpaka ilipokatika, na ilipokatika nilikimbia juu ya mawe yale meupe, viatu vikiteleza, majani ya chai yamechanika huku na huku.

Sikusikia kelele yoyote stoo. Nilifurahi. Nilijiambia wananong'ona polepole sana.

Walikuwa wamekimbilia kona moja wote, wakapandiana kutafuta joto. Vifaranga wakisikia baridi hupandana, na wa chini hukosa pumzi, na wa juu hufa kwa baridi. Maji ya mawe yalikuwa yameingia chini ya ubao, maranda yameloa. Nilianza kuwatoa mmoja mmoja nikiwapanga kwenye sketi yangu. Shingo zao zililegea. Nilipowapata wachache waliokuwa bado wanachezesha miguu, ndipo nikakumbuka swichi.

Hivyo ndivyo Chelangat alivyonikuta, mwanga mwekundu umewaka na mimi nimekaa kwenye maranda mabichi. Mvua ilikuwa imefanya watahiniwa waruhusiwe mapema. Aliangalia kona, akaangalia balbu, akaniangalia mimi. Nikamwambia yote, kadi, mdudu, karani, jua la bure. Nilidhani atanipiga. Alikuwa na haki. Ile haikuwa mizoga ya vifaranga tu, ilikuwa sanduku lake na godoro lake, na alijua hivyo kabla yangu. Akanifuta kamasi na upindo wa sweta yake. "Enda ukaoge miguu," aliniambia. "Ukiulizwa, stima ilipotea na mvua. Umesikia? Ilipotea, ikarudi."

Mama alipofika ameloa chapachapa, Chelangat alimwambia mlangoni. Stima ilipotea na mvua. Mama aliingia stoo na kikapu kikiwa bado mgongoni. Alikaa humo. Alipotoka aliuliza kama tumekula. Walibaki vifaranga kumi na mmoja, na kabla ya Jumapili na hao walikuwa wamekufa. Mama akaifungua balbu, akaifunga kwa gazeti, akaiweka juu ya kabati.

Na sasa nifike kwenye sehemu ambayo ikinijia nikiwa napika, huwa naacha kupika. Nyumba isiyo na balbu ya vifaranga haitumii stima. Mita yetu ilikaribia kusimama. Jani, jani, jani, jani. Mti wangu ukajaa. Hakuna nyumba nyingine kwenye vilima vyote vinne iliyokuwa imeteremka kiasi hicho, na Bwana Kofia alipofanya hesabu zake aliruka kwa furaha. Timu yetu ilikuwa ya kwanza. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza. Hakuja kuangalia. Hakuuliza imekuwaje nyumba ya mjane ikashuka ghafla hivyo katikati ya mchezo. Namba zilimtosha.

Siku ya zawadi wazazi waliitwa uwanjani. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, spika zinazokwaruza. Mimi na timu yangu tulikaa mbele tukiwa tumevaa kofia zetu mpya. Akamwita Mama, akampa ile taa ya sola ndani ya boksi lake, akamwekea maikrofoni mdomoni. "Mama, wewe ndio champion wetu! Hebu ambia hawa wamama wengine, siri yako ilikuwa gani?"

Mama hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu. Alisalimia kwanza kama inavyotakiwa, "Chamgei," na watu wakaitikia. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, "Nilikuwa na vifaranga. Walikufa. Nikazima balbu."

Wanawake wa kwetu walijua habari ya vifaranga. Wawili walikuwa wametuletea unga. Hakuna mzazi aliyepiga makofi. Bwana Kofia alitabasamu kwa nusu dakika, macho yakizunguka, halafu akanyakua maikrofoni. "Umesikia? Amezima balbu! Ni hiyo tu! Simple! Makofi kwa mama!"

Collins akaanza kupiga makofi, timu ikafuata. Na mimi nikapiga. Nilipiga makofi na kofia ya kijani kichwani, mama yangu akinitazama akiwa na boksi la taa mikononi.

Chelangat alipita mtihani. Barua ya shule ilikuja, ya shule ile ile aliyoiota. Mama alisema angoje mwaka mmoja. Akachukua kikapu akaingia chai, na mwaka ule ukazaa mwingine, na majani aliyochuna yeye ndiyo yaliyonilipia mimi karo ilipofika zamu yangu. Mimi ndiye niliyeenda bweni. Mimi ndiye mwenye kazi ya ofisi na nyumba mjini yenye keateka. Yeye aliolewa upande wa Ndanai akiwa na miaka kumi na tisa. Nikienda kumtembelea hunichinjia kuku, na mimi huyo kuku simmalizi. Anaona, ananiongezea ugali.

Jioni ya siku niliyochana karatasi nilimpigia Mama simu. Sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine. Nilimwambia bila hata kumuuliza habari za ng'ombe: "Mama, siku ile ya mvua ya mawe, stima haikupotea. Ni mimi nilizima."

"Najua," akasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Pale kituoni si tulijikinga kwa ile poshomili ya stima?" akaendelea. "Ilikuwa inasaga mvua yote. Haikunyamaza hata mara moja. Stima ilipotelea wapi?"

"Na mbona hukunichapa?"

Nilisikia akisukuma kitu, pengine stuli, akikaa. "Wewe ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Yule wa kofia alikuwa na miaka ngapi?"

Kisha akaniuliza kama nimekula, akakata simu kwa sababu ng'ombe alikuwa analia.

Nilikaa na ile simu mkononi, hasira ikipanda upya, safari hii ikijua njia. Miaka yote nilikuwa nimeielekeza kwangu, na kidogo kwa Collins, ambaye naye alikuwa mtoto. Yule mtu alipata namba zake akaenda kuzionyesha mahali. Labda alipandishwa cheo. Labda sasa ndiye anayewatengenezea makeateka karatasi za nyota.

Nikavaa ndara nikapanda ghorofa moja, nikabisha namba saba. Nje kulikuwa na ile baridi ya Kericho ya baada ya mvua. Alifungua akiwa na mtoto kifuani, amemzungushia blanketi tatu mpaka huoni ila pua. Nyuma yake, kwenye kona, niliiona ile hita aliyowahi kuniambia kliniki ilimkataza kuizima.

"Mbona imezimwa?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Watu wa floor yetu wamesema nawaangusha. Nilikuwa nangojea tu hii wiki iishe."

Nilimpita mlangoni, nikapiga magoti nikaiwasha, nikakaa hapo hapo sakafuni mpaka waya zake zikawa nyekundu.